Toleo Jipya Lililomeza Vigelegele

Jumatatu, 10 Novemba. Kitale

Jumatatu ni siku ya kunakili. Barasa, msaidizi wangu dukani, anakunja nyaya, mimi naweka video ya harusi ya Jumamosi kwenye flashi. Flashi nne: ya bibi harusi, ya bwana harusi, ya mama mzaa bwana, na moja ninabaki nayo kwa sababu watu hupoteza.

Leo nimefika mahali bibi harusi anashuka garini. Wanawake wameinua mikono, midomo wazi, ndimi zinacheza. Sauti hakuna. Kimya kama benki. Mchungaji anafuata, huyo anasikika mpaka anavyomeza mate.

Nimerudisha nyuma mara tatu. Nimebadilisha spika. Barasa amebadilisha waya, kisha waya mwingine. Akasimama akaitazama skrini.

"Madam, hii halusi imekatwa ulimi."

Waya ni mzima. Maikrofoni ni nzima. Kitu kipya ni kimoja tu. Alhamisi kompyuta iliniuliza kama nataka toleo jipya la mfumo, lenye sauti safi zaidi. Nikabonyeza ndiyo. Kwa kompyuta zote tatu, maana bando ilikuwa inaisha usiku huo. Na sauti yetu yote hupitia kwenye kompyuta kabla haijafika kwa flashi au kwa jamaa wanaotazama wakiwa mbali.

Jumanne, 11 Novemba

Mama Chebet amekuja kabla sijaondoa kufuli ya pili. Ndiye mama ya yule bwana harusi. Ametazama akiwa amesimama, mkoba kwapani.

"Nimelipia harusi, umeniletea matanga."

Nimemrudishia nusu ya malipo. Sitaandika ni ngapi, itaniuma mara mbili.

Nina hasira. Kazi hii niliianza na betri ya gari na meza ya kuchajia watu simu pale stendi. Hakuna aliyenishika mkono. Halafu mtu ameketi sijui nchi gani ananiamulia ipi ni sauti na ipi si sauti.

Jumatano, 12 Novemba

Nimesoma orodha ya hitilafu za toleo hili. Wameiweka wazi kwenye tovuti yao. Hitilafu arobaini na moja. Printa inalala na haiamki. Herufi zinatetemeka ukiunganisha skrini ya pili. Saa inarudi nyuma ukitoa betri. Kila moja ina dawa yake, au wameandika kwamba wanaishughulikia.

Vigelegele hamna popote. Ila chini kabisa, kwenye maelezo: mfumo sasa unaondoa wenyewe kelele za nyuma, kwa mfano feni, mbwa, ving'ora. Hiyo si hitilafu, wanasema. Ndivyo walivyokusudia.

Barasa aliisoma mara mbili. Akasema kumbe hawa mama zetu ni ambulensi. Tulicheka mpaka mteja aliyekuja kuulizia fremu akaondoka. Kicheko kilipoisha nikakumbuka ile nusu.

Ijumaa, 14 Novemba

Sasa hili ndilo kubwa.

Sharon, binti ya kaka yangu Wekesa, anaolewa tarehe sita Desemba nyumbani kwao Kanduyi. Sauti na picha ni zangu, hiyo ilipangwa kitambo. Shida ni Senge Rael, dada ya marehemu baba. Ndiye alinilea kule Tongaren. Mwezi wa tisa alianguka kwenye ghala la mahindi, nyonga ikavunjika. Daktari amemkataza safari.

Kwetu bibi harusi havuki mlango mpaka senge mkubwa wa nyumba apige kigelegele cha kwanza. Kabla ya hapo hakuna mwanamke anayefungua mdomo. Senge Rael amewatoa wasichana wote wa nyumba yetu. Hata mimi. Ndoa yangu haikudumu lakini kigelegele hakikuwa na makosa.

Leo ametoa uamuzi wake. Atapiga akiwa kitandani Tongaren, na mimi nitakifikisha Kanduyi kwa mashine zangu. Sharon naye amenipigia simu, hakuna mzaha: asipomsikia Senge, hatoki.

Nimesema ndiyo. Ndiyo ya pili ya haraka mwezi huu.

Jumanne, 18 Novemba

Nimepiga hesabu ya njia zote.

Kurudisha toleo la zamani: kompyuta inataka kufuta kila kitu kwanza, na kuna harusi mbili za watu ndani. Hapana. Simu tupu, moja Tongaren na moja kwenye spika: tumejaribu, kigelegele kinatoka kama mtu anasugua sufuria. Kumrekodi mapema: Senge alikataa kabla sijamaliza sentensi. Ati nataka kulisha watu kiporo siku ya harusi.

Halafu leo nimekipata kitufe. Kimefichwa ndani ya mipangilio, milango minne ndani. Unazima kuondoa kelele. Nikazima. Nikamuita Mama Nyanya anayeuza hapo nje, na yule wa omena, na dada wa kushona. Wakajipanga mbele ya maikrofoni. Vigelegele kumi. Kompyuta ikapitisha kumi.

Watu wakaanza kuingia kuuliza nani amejifungua. Mmoja alileta soda. Nilicheka na wao, nikacheza kidogo hata.

Kisha nikapiga simu mpya kwa kompyuta, ili nijaribu vile itakuwa siku yenyewe. Kumi tena. Vimepita sifuri. Nikarudi kuangalia kitufe. Kimejiwasha.

Kila simu mpya ikiingia, kitufe kinajirudisha. Nikizima, ni sawa mpaka simu ikatike. Na mtandao wa Tongaren unakatika mtu akikohoa.

Lakini sasa nimewashika. Ukizima kitu na kikajiwasha, hiyo hawawezi kusema walikusudia. Nimewaandikia. Nimeweka sauti ya Mama Nyanya kama ushahidi.

Jumamosi, 22 Novemba

Wamejibu. Mtu mmoja, anajiita kwa herufi mbili tu. Ni mpole, nilikuwa nimejiandaa kwa vita bure. Ameona kitufe kinavyojiwasha, anakubali ni kosa. Lakini anasema hata kitufe kikitengenezwa, angependa mfumo wenyewe uijue hiyo sauti. Akauliza ni kengele ya aina gani.

Nikamwandikia: ni wanawake wakifurahi.

Jioni akarudi akiomba mifano. Ya mtu mmoja, ya wengi, ya karibu, ya mbali. Kama kumi na mbili hivi.

Jumapili, 23 Novemba. Tongaren

Nimemwona Senge. Amekonda lakini mdomo haujakonda. Niliweka simu kifuani pake, Barasa akiwa Kitale kwa kompyuta, kitufe tumekiacha kimewaka ili nione ubaya wote. Akapiga kimoja. Kuku wakatoka jikoni mbio.

Kitale Barasa alisikia pumzi ya mwanzo, halafu pumzi ya mwisho. Katikati hakuna kitu.

Nilimwambia Senge ukweli. Alivuta blanketi, akasema nimwambie huyo mtu wa mashine kwamba yeye alianza kupiga vigelegele kabla baba yake huyo mtu hajaota meno. Na kwamba siku ya harusi atapiga kimoja, bila majaribio. Cha kumtoa msichana hakijaribiwi.

Alhamisi, 27 Novemba. Kitale

Siku nzuri sana. Niiandike yote.

Nilikuwa nahitaji vigelegele kumi na viwili. Mama Chebet alikuwa anavihitaji pia, vyake vilivyopotea. Nikampigia. Nikamwambia alete wale wanawake wa kwenye picha, wale wale, na vitambaa vyao vya siku hiyo. Nitawarekodi kwa kamera peke yake, kompyuta isiguse, kisha nitapachika sauti pale pale midomo inapofunguka. Bure.

Akakata simu. Saa nne wakafika wanane, wamevaa sare ya harusi, viatu na vyote. Duka lilijaa. Nikawasha picha. Kila mmoja akawa anajitafuta kwenye skrini. Wakijiona wamefungua mdomo, wanapiga. Mara ya kwanza walichelewa. Mara ya pili waliwahi. Wakaanza kusutana, nani alimaliza pumzi mapema, nani alikuwa amefungua mdomo bure siku ya harusi na leo ndio mara yake ya kwanza kutoa sauti. Shangazi mmoja alikubali, kweli siku hiyo alikuwa na mafua, alikuwa anaigiza tu.

Mara ya tatu ikakaa sawa. Nikawaonyesha. Bibi harusi anashuka, na nyumba nzima inalipuka. Mama Chebet alifuta macho na kona ya kitambaa. Alinunulia kila mtu chai. Ile nusu hakuirudisha, na sikuulizia. Haya, niliulizia kidogo. Amesema tutaongea.

Mifano kumi na miwili imeenda kwa yule wa herufi mbili. Kasema ameisikiliza akiwa kwa basi, abiria wakamwangalia vibaya.

Jumatatu, 1 Desemba

Dawa bado. Anasema wiki hii, labda. Labda si siku ya kalenda.

Wekesa amepiga. Amesikia kuna wasiwasi. Kuna kampuni hapo Bungoma yenye mitambo mikubwa, ati tuwaite hao, mimi nipumzike nile kama wageni wengine. Kaka yangu mwenyewe. Ambaye alichaji simu yake kwangu miaka miwili bila kulipa.

Nikamwuliza hiyo mitambo mikubwa inatumia mfumo gani. Hajui. Mimi najua, niliuliza. Ni toleo lile lile, na hata hawajagundua.

Ijumaa, 5 Desemba. Kanduyi

Tumefika na vyombo vyote. Hema limesimama, spika nane, nyaya zimefukiwa ili wanaocheza wasianguke.

Mpango wetu: kupiga simu Tongaren asubuhi, kuzima kitufe, na kuiacha simu wazi mpaka Sharon atoke. Tumejaribu leo kuishikilia. Imekatika mara saba. Mara saba, kitufe kimejiwasha. Kukizima ni milango minne. Sharon atakuwa amesimama mlangoni, watu wote kimya, na mimi natafuta mlango wa tatu.

Naogopa. Sijaogopa hivi tangu nifungue duka.

Sharon alikuja na rola za nywele kichwani, akakaa juu ya spika karibu yangu. Aliniachia chapati.

Jumamosi, 6 Desemba. Kanduyi

Naandika daftari likiwa magotini, hema bado linanguruma.

Dawa iliingia alfajiri. Ujumbe mfupi: jaribu hii. Niliiweka kwa kompyuta moja tu, nyingine mbili nikaziacha kama zilivyo. Sijawa mjinga mara mbili. Ikazima, ikawaka. Kitufe sasa kilikuwa kimezimwa na kimetulia.

Lakini kujaribu na nani? Senge amekataa majaribio. Wanawake wote wa boma wamefunga midomo, kigelegele hakipigwi kabla yake. Nikamtazama Barasa. Barasa akatazama nyuma kuona namtazama nani.

Alienda nyuma ya choo na simu. Nikasikia kwa spika sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, kamili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna iliyokatwa. Nikakata simu, nikapiga upya. Mbuzi tena. Imepita. Wapishi waliangusha mwiko kwa kucheka, na Wekesa alitoka ndani akauliza ni mnyama gani huyo.

Saa nne mlango ukafunguliwa. Sharon ndani ya kivuli, nguo nyeupe. Watu kama mia nne, kimya, mpaka unasikia bendera za karatasi. Nilikuwa nimeshika simu ya Tongaren wazi kwa nusu saa. Nikainua mkono.

Ikakatika.

Nikapiga tena. Ikaita. Ikaita. Binti wa jirani anayemtunza Senge akapokea, akasema ngoja. Simu mpya, hii ndiyo ile ya kuwasha kitufe. Sikuangalia kitufe. Nilimwangalia Sharon.

Na kikatoka. Kutoka spika nane, cha juu, kirefu, kinatetemeka pale pale kinapotetemeka miaka yote. Kilijaa uwanja. Hakikukatwa hata ukucha. Sharon akavuka mlango kabla hakijaisha, na wanawake wote wakamjibu Senge kwa pamoja, nikaona emsii anaongea na hakuna anayemsikia, vizuri kabisa.

Senge alisikia wakimjibu. Akarudisha. Wakamjibu. Wakaendelea hivyo, Tongaren na Kanduyi, mpaka mchungaji akakaa chini.

Nililia na vipokea sauti masikioni. Vigelegele vilivyopita: sikuhesabu.

Jumatano, 10 Desemba. Tongaren

Nimekuja kumwekea Senge harusi kwenye televisheni. Ametazama mara mbili. Mara ya pili alifumba macho pale mwanzoni, akisikiliza tu.

Toleo la marekebisho limetangazwa rasmi jana. Orodha ya yaliyotengenezwa ni fupi. Ya sita inasema mfumo hauondoi tena kigelegele. Kila kitu kingine kiko kwa Kiingereza, lakini neno hilo yule wa herufi mbili ameliandika kama lilivyo, hakulitafsiri. Nilimsomea Senge. Akauliza kama sasa mashine zote zinajua. Nikasema zote zitakazosasishwa. Akasema ni vizuri, akaomba nimgeuze upande wa dirisha.

Amelala. Nachambua maharagwe yake ya jioni. Mama Chebet ametuma ile nusu kwa simu, bila neno.

Printa bado inalala na haiamki. Hiyo nitaiandikia kesho.