Unene wa Siku ya Mahari

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena nimepunguza suruali yangu mwenyewe. Sentimita nne kiunoni. Watu wa mtaa wetu wa Katuba wananiletea nguo za kupanua, mimi fundi wao napunguza za kwangu. Odette alipita nyuma ya cherehani, akaona, akaendelea na njia yake. Mke wangu akinyamaza hivyo, ujue ameshalia jikoni. Kesho seromu ya tatu, dripu ya kliniki.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki, mjini. Saa nzima na nusu kwenye kiti, sindano mkononi. Nilimwambia Dokta Mireille wazi kwamba sielewi. Uvimbe wa ini ulishachomwa kwa sindano ya moto mwezi wa kwanza, Afrika Kusini, mtoto wangu mkubwa anayefanya kazi mgodini ndiye aliyenipeleka. Sasa seromu ya nini tena?

Akanieleza upya, bila haraka. Moto uliua uvimbe uliokuwa unaonekana. Ukifa unaacha mabaki, na mwili unaweza kuyasoma mabaki hayo ukajua adui anafanana vipi. Seromu kazi yake ni kuwaamsha walinzi wa mwili wawinde mbegu zilizojificha. Moto kwanza, walinzi wafuate. Safari hii nimeelewa.

Lakini walinzi hawaniongezei nyama. Tarehe 29 wakwe wanaleta mahari ya Clarisse, binti yetu wa mwisho. Watu wa Butembo, wana depo kubwa ya bidhaa kule mtaa wa Kenya, hapahapa mjini. Hawajui kama ninaumwa. Koti langu jeusi nikilivaa ni kama bado liko kwenye msumari. Naona aibu. Aibu yangu ni kubwa kuliko woga wangu. Ni ujinga, lakini ndiyo kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda soko la Kenya kutafuta zipu. Nimerudi na zipu, na vidonge vya kunenepa. Wanawake wanavinunua waziwazi, kama wanavyonunua sukari. Muuzaji alinipima mashavu kwa macho. "Papa, juma mbili tu, utanona, hata bibi yako atashangaa."

Nimevificha kwenye kopo la vifungo. Odette asijue.

Jumapili, 16 Machi

Nakula! Bukari, ugali wetu, sahani mbili, na bado nachungulia sufuria. Mashavu yamejaa. Kanisani walinishika mikono, wakasema dawa ya Dokta inafanya kazi, Mungu mkubwa. Nikaitika amina.

Odette ameimba akifua nguo. Miezi sijamsikia. Nilikaa kwenye cherehani nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Jumanne, 25 Machi

Seromu ya nne. Muuguzi alifurahia uso wangu. Dokta hakufurahi. Alinitazama muda mrefu, akanibonyeza shavu kwa kidole.

"Papa Anselme, iko dawa ingine munakunywa ku nyumba?"

"Hapana, Dokta. Hakuna."

Uongo mtupu, na umri huu wangu. Akaendelea kunieleza tu, kwa upole. Siku moja walinzi wanaweza kuzidisha ukali wakaushambulia mwili wenyewe. Ikitokea hivyo, iko dawa ya kuwalaza, na yeye ndiye ataamua kuitoa. Bila sababu hiyo haifai, inaweza kuvuruga kazi yote ya seromu. Akaitaja kwa jina. Deksametazoni.

Jina hilo nalijua. Limeandikwa kwa herufi za bluu kwenye pakiti yangu. Seromu ilikuwa inashuka tone kwa tone kuwaamsha, na mimi asubuhi nilikuwa nimewalaza.  Ilipokwisha nikashukuru, nikaondoka. Zimebaki siku nne.

Jumatano, 26 Machi

Nimemeza tena. Naandika ili nisije nikakana.

Ijumaa, 28 Machi

Leo sikumeza. Nilikwenda kliniki bila miadi, pakiti mfukoni. Nikaiweka mezani kwa Dokta. Hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliuliza vingapi kwa siku, tangu lini, akaandika. Akasema nisiache ghafla, mwili unaweza kuanguka. Nipunguze polepole jinsi alivyopanga. Seromu inayofuata itasubiri. Mwezi wa nne, picha ya skaneri.

"Mumefanya muzuri kuniambia, Papa." Hilo ndilo liliniuma.

Jioni nikamwambia Odette. Akakaa chini. "Ulitaka kufa utuache, juu ya koti tu?" Hilo moja tu. Tangu hapo hanisemeshi, na ana haki.

Jumamosi, 29 Machi

Walikuja kumi na wawili, wamependeza. Msemaji wao alisimama akatusifu. "Tunaona papa wa bibi harusi, mwili muzuri, nyumba ya baraka." Makofi.

Nikasimama. Haikuwa zamu yangu. Nikasema nina kansa ya ini, imechomwa, bado natibiwa, na mwili huu mnaoupigia makofi ni wa vidonge.  Clarisse aliinamisha kichwa. Wakaomba watoke nje wazungumze. Dakika ishirini. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya sindano ya moto.

Waliporudi, baba wa kijana hakwenda kwenye kiti chake. Alikaa kando yangu. "Basi mukwe, tuendelee." Mahari ikapokelewa. Odette alinipa soda bila kunitazama. Wageni walipoondoka, Clarisse alinikumbatia kwa hasira, akaniumiza shingo.

Alhamisi, 24 Aprili

Majibu ya skaneri. Palipochomwa ni peusi, pamekufa. Pembeni kuna kadoa kapya, kadogo kama punje ya mahindi. Dokta anasema kanaweza kuchomwa kulekule Afrika Kusini, kisha seromu zianze tena.

Nilimwuliza kama ni vidonge vyangu vilivyokalea. Akasema hajui. Pengine kalikuwepo tangu mwanzo. Pengine vidonge vilikapa nafasi. Hakuna kipimo cha kuonyesha hilo. Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana. Hakusema. Itabidi niishi na hiyo pengine.

Nyumbani nilimkuta Odette anachambua maharage. Nikamsimulia yote, sikuruka neno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafuta mikono, akaingia chumbani, akavuta sanduku la safari chini ya kitanda. Akapanga nguo zangu upande mmoja. Upande wa pili akapanga za kwake.