Kumbukumbu za Kikao cha Dharura kuhusu Dhahabu Iliyoonekana Migongoni mwa Samaki wa Ban Khlong Bua

CHAMA CHA WAFUGAJI WA SAMAKI WAPIGANAJI, BAN KHLONG BUA

Tarehe: Jumapili, 28 Aprili 2567 (mwaka wa Kibuddha)
Mahali: Banda la hekalu, kando ya mfereji

WALIOHUDHURIA
Bw. Thawin – Mwenyekiti
Bw. Phanuwat – Katibu
Bi Lamduan – Mjumbe. Mjane wa marehemu Bw. Sanit, mwasisi wa chama
Bw. Choet – Mjumbe. Pia mnunuzi wa samaki wa kupeleka mjini
Wajumbe wengine waliosaini orodha ya mahudhurio

MWALIKWA
Mkuu wa hekalu. Alikuwa amelala nyuma ya pazia. Mwenyekiti aliamua ahesabiwe kuwa amehudhuria.

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Bw. Uthen, aliyebaki nyumbani kwa kuwa samaki wake wanakufa.

KUMB. NA. 1/4/2567: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, joto likiwa kali kiasi kwamba hata mbwa wa hekalu walikuwa wamelala ndani ya mfereji, pua tu zikiwa nje. Aliwaomba wajumbe wapange juu ya meza ndefu chupa bapa walizokuja nazo, kila moja na samaki wake, na kadi zisimamishwe katikati ya chupa na chupa. Samaki wetu akimwona jirani yake hushindana na kioo mpaka ajimalize.

Jua lilipenya chupa hizo, na maji yaliyotiwa majani ya mti wa mkungu, yenye rangi ya chai, yakatupa madoa ya kahawia yaliyokuwa yakielea polepole darini. Wajumbe kadhaa waliyakodolea macho kuliko ajenda ilivyoruhusu. Mwenyekiti aligonga meza, madoa yakatikisika, kisha yakarudi kuelea.

KUMB. NA. 2/4/2567: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Bw. Choet alipinga kuandikwa kwamba katika kikao kilichopita "alifoka". Alisema hajawahi kufoka tangu azaliwe. Alilisema hilo kwa sauti iliyomfanya Mkuu wa hekalu kugeuka upande wa pili. Iliamuliwa neno hilo lisomeke "alieleza kwa mkazo". Katibu alirekebisha, akaomba ieleweke kwamba maoni yake binafsi hayajabadilika.

KUMB. NA. 3/4/2567: HALI YA SAMAKI

Mwenyekiti alieleza kwamba siku chache baada ya Alhamisi ya kutoa heshima kwa walimu, samaki wa nyumba nyingi walianza kung'aa mgongoni kana kwamba wamenyunyiziwa unga wa dhahabu. Alikumbusha kuwa siku ile ile wajumbe walibandika karatasi za dhahabu kwenye sanamu ya hekalu, na kwamba ndiyo pia iliyokuwa siku ya mia tangu Bw. Sanit afariki. Kwa hiyo, alisema, watu hawakukosea kuiona kuwa baraka.

Bw. Choet aliunga mkono. Alisema mnunuzi wake wa mjini ameona picha ya samaki wa Bi Lamduan na anamsubiri Jumamosi ijayo kwenye maonyesho ya mkoa. "Shangazi, huyo samaki wako si samaki tena, ni kito. Miaka arobaini nanunua samaki, sijaona mweusi wa Sanit akavaa dhahabu."

Ilielezwa kwa faida ya wajumbe wapya kwamba mweusi wa Sanit ni ukoo wa samaki ambao marehemu aliuzalisha peke yake, na kwamba dume aliyebaki ni huyo mmoja aliye kwa Bi Lamduan. Majike wapo, lakini bila dume huyu hawatakuwa na kizazi.

Katibu aliuliza kama ni kweli samaki watatu wa Mwenyekiti, wote wenye dhahabu, wamekufa. Mwenyekiti alijibu kuwa walikufa kwa uzee. Katibu aliuliza umri wao. Mwenyekiti alisema swali hilo haliko kwenye ajenda.

KUMB. NA. 4/4/2567: HOJA YA KATIBU

Katibu alieleza kwamba kinachoonekana si dhahabu wala baraka, bali ni vimelea: viumbe wadogo wanaojishikiza kwenye ngozi na matamvua ya samaki, wakanyonya, wakanenepa, kisha wakaanguka chini ya chupa na kugawanyika kuwa wengi, ambao huogelea kumtafuta samaki mwingine. Alitaja dalili ambazo kila mjumbe alikuwa ameziona na kuzipa jina jingine: mapezi kubana ("ameingiwa na haya"), kujisugua kwenye kioo ("anacheza"), kukataa chakula ("amefunga kama mtawa") na kupumua haraka ("anaomba"). Alisema kwamba ushairi ni jambo jema, lakini haujawahi kumponya samaki.

Bw. Choet, akimwita Katibu kwa jina la utotoni: "Wewe Kop, mama yako alikupa jina hilo la Chura kwa sababu ulikuwa unalia hata mvua haijanyesha."

Katibu aliomba maneno hayo yafutwe. Mwenyekiti alikataa, akasema ni kweli.

Mwenyekiti alieleza kuwa jani la mkungu limetibu samaki wa kijiji hiki tangu enzi za babu zake. Katibu alijibu kwamba analiheshimu jani la mkungu kuliko wengi wanaolisifu. Kwamba hulainisha maji na kumtuliza samaki aliyejeruhiwa. Lakini kwamba kumtuliza mgonjwa na kumwondolea ugonjwa ni mambo mawili, na asiyeyatofautisha humzika mgonjwa akiwa ametulia sana.

Mjadala ulirefuka na haukuwa na faida. Katibu alipendekeza jaribio. Mwenyekiti aliafiki madirisha yafungwe.

Banda lilipokuwa giza, sauti zote zilisikika kana kwamba zimesogea mbali: kasia moja mferejini, njiwa, mkoromo wa Mkuu wa hekalu. Katibu aliwasha tochi na kuishika kwa mshazari, kwanza kwenye chupa ya samaki wake mwenyewe. Mgongo wa samaki uliwaka rangi ya kutu na asali, na wote waliona kwamba rangi ile haikuwa ya magamba. Ilikuwa juu yake, kama vumbi juu ya meza ya nyumba isiyo na mtu. Samaki alijisugua kwenye kioo. Chembe kadhaa zikabanduka, zikashuka taratibu katika mwanga, zikatua. Tochi ilipitishwa chupa hadi chupa. Katika kila chupa palikuwa na mvua ile ndogo ya dhahabu, ikinyesha bila sauti.

Mjumbe mmoja alisema ni jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Katibu alikubali. Hilo ndilo jambo pekee ambalo kikao kilikubaliana bila kupiga kura.

Mwenyekiti, akiwa bado gizani, alisema wale watatu wake hawakuwa wazee. Aliomba iandikwe hivyo.

KUMB. NA. 5/4/2567: KATA YA MAJI

Katibu alieleza njia ambayo ugonjwa ulipita. Kila mwaka, siku ya kutoa heshima kwa walimu, kila mfugaji huleta kata ya maji kutoka kwenye mtungi wake na kuyamimina katika mtungi wa hekalu. Mwishoni kila mmoja hurudi na kata moja ya maji yaliyochanganyika, akayatia kwenye chupa zake ili ujuzi wa wote uwe wa mmoja. Nyumba moja ikiwa na vimelea, jioni hiyo hiyo nyumba zote huwa navyo.

Mwenyekiti alisimama. "Kwa hiyo unasema walimu wetu wametupa ugonjwa?"

Katibu: "Mjomba, walimu hawakutupa kitu. Tumeubeba wenyewe, tena kwa mikono miwili na kwa adabu."

Mwenyekiti: "Na aliyeuleta ni nani?"

Katibu alisema kulijua hilo hakutamponya samaki hata mmoja. Bw. Choet alieleza, bila mkazo, kwamba yeye ndiye aliyeleta mwezi Machi samaki wa kutoka soko la mbali, na kwamba alishangaa walivyong'aa. Bi Lamduan alimsogezea sahani ya wali wa kunata na embe, naye akala akiwa ameinamisha kichwa.

KUMB. NA. 6/4/2567: SAMAKI WA BI LAMDUAN

Bi Lamduan aliomba nafasi ya kusema. Alieleza kwamba tangu mumewe afariki hajamwota hata mara moja, ingawa majirani wote wamemwota, hata wale aliokuwa hasemi nao. Siku ya mia alirudi nyumbani na kata yake ya maji, akaimimina, akamwambia samaki: basi hata wewe usiseme neno? Siku chache baadaye, kulipokucha, samaki alikuwa na dhahabu.

"Sasa usinijibu kwa vitabu, mwanangu. Nijibu mimi. Akipona, dhahabu itabaki?"

Katibu alijibu: "Hapana, Shangazi."

"Nikimwacha nayo?"

"Atafika Jumamosi akiwa mzuri kuliko samaki wote. Jumamosi nyingine sidhani kama ataiona."

Madirisha yalikuwa bado yamefungwa na hakuna aliyekumbuka kuyafungua.

Bw. Choet alisema mnunuzi anaweza kuambiwa kwamba samaki hayupo. Katibu anakiri kwamba hakulitarajia hilo kutoka kwake, na ameona ni haki liandikwe.

Bi Lamduan aliuliza dawa ni nini. Katibu alieleza: chumvi ya mawe, iyeyushwe pembeni na itiwe kidogo kidogo, maji ya chini ya chupa yanyonywe kwa mrija wa mpira kila siku, maana huko ndiko vimelea huangukia kuzaliana, kata na nyavu zisiazimwe. Na giza, kwa siku kumi. Vimelea hawa wana tabia ya mmea, sehemu ya nguvu zao huipata kwenye mwanga. Gizani hudhoofika, na chumvi huwamalizia. Samaki hawatadhurika wakikaa bila jua kwa siku hizo. Alisema giza liwe la kijiji kizima kwa wakati mmoja. Nyumba moja ikibaki na mwanga, wote watakuwa wamejisumbua bure.

Mwenyekiti aliuliza vitambaa vizito vya kufunika chupa zote hizo vitatoka wapi. Wajumbe walitaja magunia, mikeka na mapazia. Hakuna kilichotosha.

Bi Lamduan alisema: "Vile vyeusi vya msiba wa Sanit viko kabatini, nyuma ya Mkuu. Vilizunguka banda hili lote."

Mwenyekiti: "Lamduan, vile ni vya wafu."

Bi Lamduan: "Navijua, nilivishona mimi. Vimefunika mtu mmoja asiyeamka. Acha vifunike wanaoweza kuamka."

KUMB. NA. 7/4/2567: MAAZIMIO

Kikao kiliazimia kwamba:

(a) vitambaa vya msiba vikatwe na kugawiwa nyumba zote leo hii, na chupa ya kwanza kufunikwa iwe ya Bi Lamduan;

(b) asiwepo mtu wa kuinua kitambaa "kuchungulia kidogo tu". Mwenyekiti alimtazama Bw. Choet. Bw. Choet alimtazama Katibu;

(c) chumvi na kubadilisha maji kufanyike kwa kupapasa, au kwa mwanga hafifu wa mshumaa uliowekwa mbali;

(d) kuanzia mwaka ujao, kila mfugaji amimine kata yake kwenye mtungi wa hekalu kama kawaida, lakini asiwepo wa kurudi na maji. Yaliyochanganyika yamwagwe kwenye shina la mkungu. Mwenyekiti ndiye aliyependekeza hili. Alisema walimu hawatachukia, kwa kuwa majani yatarudi kwetu yenyewe. Katibu, ambaye alikuwa ameandaa pendekezo refu zaidi, aliliondoa lake.

Mkuu wa hekalu aliamka wakati kabati likifunguliwa, akauliza nani amekufa. Aliambiwa hakuna. Akasema vizuri, akalala tena.

Kikao kiliahirishwa ili giza lifanye kazi yake.

KUMB. NA. 8/4/2567: KUREJEA KWA KIKAO

Kikao kilirejea mahali pale pale, madirisha yakiwa yamefungwa tena, baada ya siku kumi za giza kutimia. Wajumbe walieleza kwamba katika siku hizo kijiji kilikuwa na ukimya usio wa kawaida. Watu walitembea ndani ya nyumba zao kama wageni, na kila chumba kilikuwa na harufu ya chumvi na ubani wa zamani. Wengi waliripoti kuota ndoto za maji. Bw. Uthen, aliyehudhuria safari hii, aliripoti kuwa samaki wake waliobaki wanakula.

Chupa ya Bi Lamduan ililetwa ikiwa bado imefunikwa. Mwenyekiti alimwomba aifunue mwenyewe.

Katibu alishika tochi kwa mshazari na kutazama upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha mara ya tatu, kwa kuwa ndivyo inavyopasa. Hakuona hata chembe. Samaki alikuwa mweusi mtupu, mweusi wa chungu cha jikoni, mapezi yamefunguka. Na juu ya maji, pembeni, palikuwa na kiota cha povu, kile ambacho dume hujenga pumzi kwa pumzi anapokuwa mzima na anapotarajia watoto. Alikuwa amekijenga gizani, bila kuona.

Bw. Choet alisema ni huzuni kidogo, kwamba alikuwa ameshaizoea dhahabu.

Bi Lamduan aliinamia chupa mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Kisha alicheka. "Ndiye huyu hasa. Mume wangu hakung'aa hata siku ya harusi yetu."

Alikunja kitambaa kidogo cheusi, akakiweka mfukoni, akauliza nani ana jike aliye tayari. Mikono iliinuka, wa Mwenyekiti ukiwa wa kwanza.

KUFUNGA KIKAO

Kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine ambalo mtu yeyote alitaka kulisema, Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi alasiri, na madirisha yote yakafunguliwa.

(Saini) Thawin, Mwenyekiti

(Saini) Phanuwat, Katibu