Mkono Wako Chini ya Kiti

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo, baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua tangu baridi ilipopungua. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakusalimu, wajukuu zako wanakusalimu, na yule mkubwa kila siku anauliza lini atakuja kwenye karakana ya babu achezee taa ya kupimia umeme. Mimi mwenyewe afya ninayo, ila roho yangu si nzuri, na sitaki kukuzungusha. Nimekasirika, baba. Nimekukasirikia wewe, si mtu mwingine, na ningekupigia simu, lakini najua ukisikia tu sauti yangu imepanda utasema mtandao mbaya, ukate.

Utanisamehe nikivuka mpaka. Ulinilea nikuheshimu na bado nakuheshimu, ndiyo maana nimekaa chini nikaandika badala ya kuja kukutolea uvivu mbele ya wateja wako. Mdogo wangu hukumfanyia ustaarabu huo.

Nianze na kile kigari cha gofu cha Mwalimu Mkuu. Unajua tangu astaafu nyonga zake hazimruhusu kutembea, kwa hiyo klabu ya gofu ilipouza vigari vyake vikuukuu akanunua kimoja cha kuzungukia kwenye bustani yake ya miche. Akakuletea umfungie redio, spika mbili mbele na mbili nyuma, taa, honi, na kipaza sauti cha kuwaitia wafanyakazi walio mwisho wa bustani, maana mama yule mpaka leo anadhani yuko paredi. Kazi yenyewe si ya kutisha. Betri zimepangwa chini ya kiti, umeme wake ni mwingi kuliko redio inavyouhitaji, unaweka kifaa cha kuupunguza, unavuta waya, unatia fyuzi ndogo ili pakitokea hitilafu ikatike yenyewe. Kazi za namna hiyo nilizifanya kwenye magari ya watu nikiwa msichana, wewe umesimama nyuma yangu unanung'unika.

Haukupita muda kigari kikashika moto. Mwalimu Mkuu alikuwa katikati ya miche, anamgombeza mtu kwa kipaza sauti kwa kumwagilia maji kupita kiasi, mara moshi ukamtokea chini ya makalio. Akaita watu. Nao walimsikia vizuri sana kwenye spika, tena zote nne, ila wakadhani ni makaripio yake ya kila siku, wakaja kwa hatua zao. Mpaka wanamshusha, shavu la mguu lilikuwa limeshaungua. Leo hii anaweza kulicheka jambo hilo. Mimi siwezi, kwa sababu mtu asiyeweza kuruka kutoka kwenye kiti angeungulia pale pale.

Yaliyofuata uliniambia mwenyewe kwenye simu. Kigari kiliburutwa hadi karakana, watu wamejaa, ukauliza kwa kinywa kipana ni nani aliyefunga uchafu huu, na mdogo wangu akajibu kwamba ni yeye. Ukamnyang'anya taa ya kupimia mkononi. Ukamwambia si fundi, ni muuaji anayesubiri siku yake, na asikanyage tena pale. Uliniambia amekupaka matope uzeeni, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

Nami nikakuamini. Nikampigia simu mdogo wangu nikamshushia maneno ambayo sitayaandika hapa, mama asije akayasikia. Nilimwita mzembe, nikamwita mzigo, nikamwambia amezaliwa wa mwisho na atakufa wa mwisho. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema sawa dada, nimekosa. Nikamuuliza kama hana la zaidi, akasema hana. Nilikata simu bila kumuaga.

Kisha Mwalimu Mkuu akakileta kigari kwangu, hapa kwenye karakana ya mabasi, kimepakiwa kwenye pikapu. Alisema kwako haleti tena hata tochi, ila mimi ananiamini kwa sababu aliwahi kunichapa na anaamini viboko vyake vilifanya kazi. Nikainua kiti. Nilikuta nyaya mbili zimepitishwa kwenye bawaba ya kiti, kwa hiyo kila mama yule alipokaa zilibanwa, mpaka zikachubuka zikagusana. Hapo fyuzi ilipaswa kukatika papo hapo. Haikukatika, kwa sababu mahali pa fyuzi ya ampea kumi ilikuwa imechomekwa ya thelathini, na waya mwembamba kama ule huwaka kabla fyuzi kubwa haijashtuka. Nikamlaani mdogo wangu kwa sauti, mafundi wenzangu wakageuka kunitazama.

Halafu nikaanza kubandua tepu kwenye viungo ambavyo moto haukuvifikia. Baba, mdogo wangu ni mashoto. Ulimchapa ule mkono utotoni na haukusikia, hadi leo tepu anaizungusha kinyume na sisi wote. Viungo vya kigari kile vimezungushwa kwa mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine, vimekazwa ile kaza ya kuumiza kucha, na kila ncha ya tepu imekunjwa kidogo ili fundi atakayekuja kesho apate pa kushika. Hakuna mwingine pale kwako anayefunga hivyo. Nilikaa juu ya tairi na kipande cha tepu mkononi, na kwa muda nikashindwa hata kukasirika. Hasira ilirudi baadaye, ikiwa imebadili anwani.

Nilimfuata mdogo wangu. Unajua yuko wapi? Anaosha magari ya watu kando ya barabara, suruali ameikunja hadi magotini, na mikono ile uliyoifundisha umeme imejikunja kwa maji ya sabuni. Nilipomwonyesha tepu alicheka kwanza, akasema siku hizi amejifunza kutumia kulia. Nikamwambia afunge moja mbele yangu kwa mkono huo. Akaigeuza ndoo, akaikalia, akainamisha kichwa.

Aliyoniambia nayaandika kama alivyoyasema, ingawa aliniomba nisiyaseme. Anasema macho yako yameingia ukungu tangu zamani. Kila penye namba ndogo unamwita akusomee, kwa kisingizio kwamba mikono yako ina grisi. Wewe ukishaondoka jioni, yeye hubaki anafungua kazi zako na kuzifunga upya, na asubuhi hunywa chai na wewe kana kwamba hakuna lililotokea. Amefanya hivyo kwa muda mrefu na hajawahi kumwambia mtu, hata mkewe. Kigari cha Mwalimu Mkuu kilimponyoka kwa sababu siku ile alikuwa hospitali, mkewe anajifungua. Aliporudi karakana na habari ya mtoto, kigari kilikuwa kimeshachukuliwa, na wewe ulikuwa unajisifu kwamba umekimaliza peke yako, bila kusaidiwa na mtu.

Nilimuuliza kwa nini alikubali kosa lisilo lake mbele ya watu wote wale. Akaniambia alikuona umeinamia waya ulioungua, unaupapasa kwa vidole, na akaona afadhali yeye adharauliwe maana bado ni kijana, atapata pa kuanzia. Nilimwambia ni mjinga. Nikaenda nyuma ya magari nikalia, kisha nikarudi nikamwomba radhi kwa yale ya kwenye simu.

Sasa nisikilize, baba. Usiniambie kwamba hukujua. Macho yanaweza kukukatalia, lakini vidole vyako havijapofuka; ulikishika kiungo ulichokifunga mwenyewe na ukakitambua. Karakana yenyewe ina mafundi wawili tu, na siku ya kufungwa kigari mmoja wao alikuwa hospitali akimpokea mjukuu wako. Ulimsikia akisema ni mimi, ukajua anakusitiri, na badala ya kunyamaza ukauchukua ule uongo wake ukamchapia. Kwamba macho yamechoka si kosa, kila mtu atazeeka. Linalonichoma ni hilo la pili. Nimelizungusha kichwani kila upande, nikitafuta pa kukutetea, na nimekosa.

Tena nasikia klabu ya gofu ilizipenda zile spika za Mwalimu Mkuu kabla hazijaungua, na imekuletea vigari vyake vyote uvifunge. Uko peke yako na vigari hivyo, baba, na mtu aliyekuwa akikukagua umemfukuza. Watoto wa watu watavipanda. Nakuomba, na safari hii siombi kwa kupiga magoti, usifunge hata spika moja mpaka mdogo wangu arudi. Arudi kwa kuitwa na wewe, mbele ya wateja, kwa sauti ile ile uliyomfukuzia. Halafu uende kwa daktari wa macho. Mimi nitakupeleka, nimeshaomba ruhusa kazini.

Kuna jambo nimelitenda na utalisikia tu, kwa hiyo bora ulisikie kwangu. Mwalimu Mkuu nimeshamwambia. Nimemwambia kwamba kazi ile ni ya mkono wako na kwamba mdogo wangu hana hatia. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua ungenikatalia. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Aliniuliza tu, ulipompokea siku aliyokileta kigari kwako akakwambia habari za siku nyingi, kama uliiona sura yake au uliitambua sauti. Nikamwambia sijui. Akasema mguu utapona, na kwamba kigari akifunge tena yule mashoto.

La mwisho ni kuhusu barua hii yenyewe. Nimeiandika kwa kujua kwamba huwezi kuisoma, na kwamba huwezi kukiri kuwa huwezi. Mama nimeshapanga naye. Kama amekwambia miwani yake imepotea, haijapotea, ameificha kwenye kabati la vyombo na yuko jikoni anasikiliza. Aliyeileta nimempa ikiwa imefungwa kwa gundi. Nimemwambia ni maelezo ya kigari, na kwamba kwa sababu ni mambo ya ufundi lazima asome fundi. Nimemwapisha kwa jina la mwanawe mchanga kwamba ataisoma mpaka mwisho bila kuruka neno. Kwa hiyo, baba, hayo yote umeyasikia kwa sauti ya mwanao uliyemfukuza, naye ameyasoma bila kujua mstari unaofuata una nini.

Mdogo wangu, najua umenikasirikia. Una haki. Soma hivyo hivyo.

Naomba mnisalimie wifi yangu mzazi na mtoto, ambaye nasikia babu yake bado hajampakata. Mama nampa shikamoo yake hapo jikoni alipo. Mwalimu Mkuu naye ametoa salamu kwenu wote wawili, kwa pamoja, amesisitiza neno hilo. Mimi nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, na nikifika nataka kukuta watu wawili karakana. Nikikuta mmoja nitashuka na sanduku langu la vifaa, nifungue meza yangu upande wa pili wa barabara pamoja na mdogo wangu, na klabu ya gofu itachagua yenyewe. Silisemi hili kwa mzaha.

Ni mimi binti yako wa kwanza, ninayekupenda na kukukasirikia kwa kipimo kimoja.

Baba, barua imekwisha. Amesoma akiwa amesimama, kwa sababu hukumkaribisha. Mwambie akae.