Kwa Kanali Aliyenizoesha Kumwita Tonton

Mpendwa Baba,

Najua neno hilo lingekutoa jasho. Ulinizoesha kukuita Tonton, kama mjomba tu, tena kwa sauti ya chini, utadhani nyumba yetu ya Kamenge ilijaa wapelelezi. Gari la jeshi ulikuwa ukiliacha mbali, karibu na hospitali, ukaja kwa miguu na shati la maua, mfuko wa samaki wadogo wa ndagala mkononi. Mama alikukaangia. Mimi kazi yangu ilikuwa viatu vyako: dawa kidogo, mate kidogo, pamba, mpaka nione meno yangu kwenye ngozi. Nilikupenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Uliporudi kutoka misheni ya amani ulinionyesha medali yako ya kwanza. Uliiweka kiganjani mwangu, ingali na joto la mfuko wako.

"Shika, mutoto yangu. Lakini usiseme kwa watu."

Sikusema.

Kisha nikaingia chuo kikuu, pale Mutanga. Siku moja ulikuja na maafisa wenzako, kifua kimejaa nishani. Nilikusogelea na rafiki zangu kukusalimia tu. Mwenzako akauliza mimi ni nani, nawe hukufikiri hata kidogo.

"Huyu? Ni mutoto ya boyesse yetu."

Mtoto wa mfanyakazi wa ndani! Mama aliyekufulia kombati kabla hujapata hata nyota moja begani, ukamwacha ulipopata mke wa Kiriri, mtaa wa wakubwa, ukabaki kutujia kwa siri. Sikulia, Baba. Malipo ni hapa hapa duniani, nikajiambia, nikaanza kukungoja. Ukanikimbia kwa kufa.

Jumamosi iliyopita familia yako ilimaliza matanga huko Kiriri. Desturi unaijua: siku hiyo watoto wa marehemu husimamishwa mbele ya watu, na mkubwa wao huzungumza. Mimi na Mama hatukualikwa. Tuliingia hivyo hivyo, tukakaa nyuma kabisa. Rafiki yako alisoma maisha yako: luteni, kapteni, meja, kanali, ushujaa huku, nishani kule. Watu wakapiga makofi. Ndipo mdogo wako akashika maikrofoni.

"Mutoto mukubwa ya marehemu akuje mbele."

Kijana wako wa Kiriri akainuka. Nami nikainuka, nikamtangulia.

"Mukubwa ni mi," nikasema. "Mama yangu ni ule pale nyuma. Hakukuwa boyesse ya mutu."

Maafisa waliangalia chupa zao. Masikio yako haya yaliyosimama ninayo, nani angethubutu kuniita mwongo? Mjane wako alininong'oneza, "Apana leo, dada." Nikamjibu kwamba leo ndiyo siku yenyewe. Nilifurahi, Baba, sikufichi. Mdogo wako akaagiza kiti, Mama akaketishwa mstari wa mbele, kati ya majenerali. Alikunywa soda yake pole pole mpaka ikaisha.

Sasa ndugu zako wananisihi nikusamehe, eti maiti hagombani. Sisamehe. Ulipewa heshima zote za nchi hii, ukashindwa kumpa heshima mwanamke mmoja.

Lala ukiweza. Jumapili nakuletea wajukuu zako watatu hapo kaburini. Nimewafundisha kukuita Sogokuru, yaani babu, na hawajui kusema kwa sauti ya chini.

Mtoto wako mkubwa