Orodha ya Asubuhi Haina Jina Lako

Mama Wawira,

Nakuita hivyo kama nilivyokuita siku zote. Jina la mama yangu lilirudi kwako, na kwetu Embu baba hamwiti binti wa namna hiyo vinginevyo. Walimu wageni walikuwa wakicheka waliponisikia nikikuambia wewe, mtoto wa chekechea, "Mama, funga kamba za viatu." Sasa jina hilo limezikwa mara mbili, na safari hii halikuacha mtoto wa kulichukua.

Nitakueleza yaliyotokea kwa utaratibu, kwa kuwa nikiacha utaratibu sitafika mwisho.

Orodha yako iliendelea kuja. Kila asubuhi, kabla sijashika ndoo ya kukamulia, simu yangu ilipokea ujumbe wa ile programu uliyoiandika. Bado nakumbuka ulivyonieleza jikoni, ukimenya viazi vya githeri huku maganda yakiniangukia viatuni. "Baba, kila kituo cha maziwa kina nafasi yake kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali. Mashine ya kupoza maziwa inapeleka kumbukumbu zake huko, joto, umeme, kila kitu, halafu sisi tunazichambua ofisini. Nilikuwa nafungua nafasi moja moja kwa mkono nione kama ziko sawa. Nimechoka. Nimeandika programu iwe inaziita."

"Kama rejista ya darasa?" nikauliza.

"Kama rejista, baba. Afadhali hizi hazipigi kelele."

Basi kila kulipokucha programu yako iliita, na kila nafasi ikaitika: jina lake, mahali ilipo, muda inaohifadhi kumbukumbu kabla ya kuzifuta, na mwenye kuisimamia. Uliniweka miongoni mwa wanaopokea orodha hiyo ili, kwa maneno yako, nipate kitu cha kusahihisha nisije nikasahihisha majirani. Nilipata nukta moja tu iliyozidi. Uliiondoa siku hiyo hiyo, ukaniambia, "Haya, mwalimu mkuu, umeridhika?"

Nilikuuliza itakuwaje siku utakayougua. Ukasema, "Itaita yenyewe."

Iliita yenyewe. Iliita ulipokuwa wodini hujui kama ni asubuhi au jioni. Iliita siku tuliyokuzika, watu wakipanga viti uani. Kiritiri, mwenye: Wawira. Kibugu, mwenye: Wawira. Githongo, mwenye: Wawira. Hukuwa mahali popote duniani, na kila mahali paliitika kwa jina lako. Sijui kama hiyo ilikuwa faraja au adhabu. Najua tu kwamba nilikuwa nikiingoja.

Kisha akaja Kendi, yule msichana wa Githongo uliyekuwa ukikaa naye meza moja ofisini. Alipanda huku Kibugu pamoja na kijana mwenzake, wameleta sukari na unga kama watu wanaokwenda kwa wazazi wa marehemu. Walikunywa chai, wakasifu majani chai shambani, wakaulizia ng'ombe. Nikaona wana neno na linawashinda. Mwishowe Kendi akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, tumekuja kuomba ruhusa. Tunataka kuandika mtu mwingine pale penye jina la Wawira. Tungebadilisha tu tukiwa ofisini, ni kuandika neno moja. Lakini nimeshindwa. Kwetu mtu haingii na jembe kwa shamba ya marehemu kabla ya kuongea na wazazi."

Sikumsahihisha "kwa shamba ya". Hilo likueleze hali yangu.

Nilimwuliza kama ndani ya nafasi hizo mna kazi yoyote ya mikono yako. Akasema programu haisomi yaliyo ndani. Inauliza habari za ghala, haigusi mahindi. Tena yale yaliyokuwa ndani siku za uhai wako yalikwisha kufutwa, maana muda wa kuyahifadhi ulipita. Kumebaki jina, akasema. Jina peke yake.

"Basi liacheni," nikamwambia.

Akatazama chini. "Sawa, Mwalimu. Lakini ujue onyo linafuata mwenye jina. Mashine ikiharibika, ni simu ya Wawira inalia."

"Na ilie. Naichaji kila siku."

Hawakubishana nami. Ni watoto waliolelewa vizuri. Waliniaga, wakarudi mjini, wakawa wanapokezana kukaa mbele ya kompyuta na kuzitazama mashine kwa macho, ili mzee mmoja huku mlimani aendelee kulisoma jina la binti yake. Sikuwaomba hilo, wala wao hawakunitajia. Nimelijua baadaye.

Jumapili moja nilikwenda kanisani na simu yako mfukoni, kama ninavyokwenda nayo kila mahali. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri ilipoanza kutetemeka. Mama, nitakuambia kweli: nilifurahi. Tangu ufe sikuwa nimefurahi. Niliiweka chini ya koti, upande wa moyo, nikaifunika kwa mkono. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Watu walisimama kuimba, mimi nikabaki nimeketi kwa kuwa sikutaka isogee. Sikuitazama hata mara moja. Nadhani niliogopa kukuta kwamba si wewe.

Ilikuwa mashine ya Kibugu. Umeme ulipotea ukarudi, na mtambo wa kupoza haukuwaka tena. Kendi na mwenzake walikuwa ibadani kama sisi sote, na mlinzi wa kituo vilevile. Maziwa ya jioni iliyotangulia na ya asubuhi hiyo yalikaa ndani ya tangi yakipata moto, na onyo la kuyaokoa lilikuwa kifuani pangu likinipigapiga.

Nilipita kituoni nikitoka ibadani. Wafugaji walikuwa wakiyamwaga maziwa. Mfereji mzima ulikuwa mweupe hadi kwenye migomba. Nyaga, jirani yetu, aliniona akanipazia sauti, "Mwalimu! Njoo utoe maksi! Hata paka wa kituo amenusa akaenda zake!" Wengine walicheka, kicheko cha watu ambao hawana la kufanya. Mjane wa kule bondeni, yule mwenye ng'ombe mmoja, hakucheka. Alikuwa ameshika kifuniko cha kopo lake kama mtu aliyesahau kinakofungwa.

Niliwaambia. Nilisimama pale na suti yangu ya kanisani nikawaambia kwamba onyo lilikuja kwangu, na kwa nini. Nyaga akavua kofia. Nilitamani anitukane, tusi ningelijibu. Alisema tu, "Pole, baba Wawira. Nenda nyumbani upumzike." Nyumbani wapi, mama? Tangu mama yako mzazi atutangulie tulikuwa wawili. Sasa pana meza, redio, na mzee asiyeiwasha.

Nilimpigia Kendi. Alifika kesho yake na kompyuta yake. Nilimkalisha pale ulipokuwa ukikaa, nikamwambia aandike nikimtazama. Akauliza aandike jina la nani. Nikasema, "Lako." Akaanza kulia, nami nikamwambia kwa ukali afute machozi kwanza asije akakosea herufi. Aliandika. Chai niliyommiminia ilikuwa bado inatoa moshi alipomaliza. Maisha yako yote ya kazi, na kikombe hakijapoa.

Asubuhi iliyofuata orodha ilikuja kwa wakati wake. Niliisoma kwa sauti, polepole, kisha nikarudia, nikitafuta kosa. Kila kituo kiliitika. Kila mwenye jina alikuwa hai. Hapakuwa na kosa hata moja.

Watu huniambia muda utaponya. Mimi nimeona kazi ya muda: hufuta. Nimekaa na Biblia magotini nikashindwa kuifungua. Nikikamua, nasahau ninakamua ili iweje, na ng'ombe hugeuka kunitazama.

Pumzika, mama yangu. Sitaomba wakurudishe kwenye orodha ile, na hilo nakuahidi. Kesho nitapeleka maziwa kituoni, nitasimama mstarini nyuma ya Nyaga, na Kendi akinipigia nitamjibu kwa upole. Hayo nitayafanya. Zaidi ya hayo usinidai.

Baba yako