Chapa ya Wambura Juu ya Sinia

Jumatatu, 3 Machi 1986
Nina miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, nimepita njaa, vita, na miaka ya foleni ya sabuni. Mugeta hii mwenye mashine ya kusaga ni mimi. Kisomo cha watu wazima nilikuwaga wa kwanza, ndiyo maana naandika.
Leo nimesaga tangu asubuhi. Ulezi uliomwagika kwenye sinia juu ya mashine ukajipanga wenyewe. Duara, mstari katikati. Nyangeta, mjane aliyekuja kusaga, akaona, akaacha unga wake, akakimbia.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe ni chapa ya ng'ombe za marehemu mume wake, Wambura. Anasema Wambura hakufa. Eti nimemfanya msukule, ananizungushia mashine. Upuuzi. Mashine inazungushwa na dizeli, tena ya kutafuta kwa machozi mpaka Bunda.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna mteja. Kaja Kisire, mkubwa wa sungusungu, na upinde wake.
"Magesa, toa hilo sinia."
Nimekataa. Kutoa ni kukiri. Jumapili sungusungu wanakaa kunihukumu. Nikishindwa, mashine inachomwa, mimi nahama.
Naogopa. Simwambii mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewasha peke yangu. Nikipunguza mwendo, chapa inavunjika, inakuja alama nyingine kama nyota. Nikiongeza, chapa inarudi. Basi ni mlio. Mlio unatetemesha bati la sinia, ulezi unakimbilia pale pasipotetemeka. Hakuna aliyenifundisha. Nimemwaga ulezi juu ya ngoma, nikaimba. Ukaruka.

Jumapili, 9 Machi
Watu walijaa. Wakakataza mashine isiwashwe, eti Wambura atateseka. Nikaleta ngoma, nikaimba kwa nguvu. Ulezi ukatawanyika tu.
Kisire akasema, "Mzee, sauti hiyo haifukuzi hata kuku."
Wakacheka. Mmoja ameshika kiberiti. Nikamgeukia Nyangeta.
"Shemeji, mwite mume wako hapa. Kama yuko kwangu, ataitika."
Akainama juu ya ngoma, akalia kile kilio cha matanga. Sauti moja, nyembamba, ndefu. Ulezi ukatambaa. Duara. Mstari. Kisire akachuchumaa, akauvuruga kwa kidole. Nyangeta akalia tena, ukajichora tena. Kisire akapindua ngoma. Ndani hakuna kitu.
Nyangeta akasema polepole, "Kumbe ni mimi. Ni sauti yangu inachora."
Kiberiti kikarudi mfukoni. Wakatawanyika.

Jumatano, 12 Machi
Wateja wamerudi. Nimeshinda, na mzee mwingine wa umri wangu asingeweza. Lakini sina raha. Wiki nzima yule mama alikuwa na mume wa kukomboa. Sasa ana kaburi.
Leo kaleta muhogo wa kusaga. Kasimama mlangoni, mgongo kwa sinia, mpaka nikamaliza.
Haya yalitokea. Kisire alikuwa karibu kuliko wote, aulizwe yeye. Nyangeta asiulizwe.