Mkwe Wangu Alichambua Majivu

Mama Nyambeki, Bwana asifiwe. Nina mzigo moyoni na hapa Litein sijui nimwambie nani kwa sababu wote ni watu wetu. Mimi ni mama wa zaidi ya miaka hamsini, masomo yangu yaliishia darasa la nane, lakini Mungu alinifungulia mlango nikapata kazi kwa maabara moja ndogo, ninatayarisha takataka zinazoletwa kupimwa madini, majivu, tope la mitaro, vitu kama hivyo, ninakausha, ninasaga, ninachukua kiasi kidogo tu cha ncha ya kijiko natia kwa chombo kizito, mwenzangu Kepher anaongeza asidi na kukaza kifuniko, kisha vinaingia kwa maikrowevu, si ile ya kupasha chakula, hii inachemsha mpaka majivu yayeyuke na madini yabaki kwa maji, ndipo mashine isome kama kuna risasi au sumu nyingine.

Sasa kuna Rebeccah, mama ya Kipkoech aliyemwoa binti yangu. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na kiwanda kimoja cha chai kiliwapa rundo la majivu ya boila bure waweke kwa shamba lao la mboga. Kiwanda kinachoma mikaratusi, lakini siku hizi hata mbao za nyumba zilizobomolewa, na rangi yake na misumari yake. Nikasema yapimwe kwanza, wakakubali. Jumatatu akaleta mfuko mwenyewe, majivu laini meupe, akacheka akaniambia, "Mkwe, tumechambua na tukachekecha! Haya hata mgeni ungempikia." Ati wametoa mapande meusi, misumari na maganda ya rangi, vile tunavyotoa majani makuukuu ya chai kabla karani wa senta ya kununulia hajaangalia gunia, wasiaibishe kanisa.

Nikamwambia Kepher. Akasema, "Mama Rodah, sisi tunapima kilicholetwa. Kilichobaki kwa rundo si chetu."

Mfuko bado uko kwa rafu. Najua utapita vizuri, na wakisikia umepita watamwaga rundo lote, na mjukuu wangu ndiyo kwanza ameanza kula, anapondewa mboga za shamba hilo hilo. Lakini kwetu mkwe hakemewi. Nikisema amekosea, binti yangu ataishije kwa boma lile? Nimefunga na kuomba, sioni njia.

Rodah, Litein

JIBU

Mama Rodah, pole sana. Kwanza acha kufunga, kula ushibe, utahitaji nguvu ya kushika sepetu.

Rebeccah hakukusudia ubaya. Alifanya kile senta ya majani imemfundisha tangu usichana wake. Lakini senta inataka majani mazuri, na nyinyi maabara mnatafuta kile kibaya. Hilo nani angemweleza kama si wewe? Ukaupokea mfuko, ukauweka kwa rafu, ukaweka haya yako mbele ya kijiko cha mtoto. Hapo sikusifu.

Usiutie mfuko huo kwa maikrowevu. Mwambie Kepher aandike kwamba umechambuliwa, na angoje mwingine. Kisha nenda kwa Rebeccah nyumbani, peke yako, si kanisani mbele ya kikundi. Mwache apike chai kwanza. Huna haja ya kumkemea, mweleze tu kazi yako: kile kidogo cha ncha ya kijiko kinasimama badala ya rundo lote, kwa hiyo kila kilicho kwa rundo lazima kiwe ndani yake.

Mkimaliza chai, nendeni kwa rundo pamoja. Fungeni pua, vaeni glavu. Chimbeni juu, katikati, chini na pande zote, mchanganye kwa turubai, mgawe mafungu manne, mchukue mawili yanayotazamana, mchanganye tena, mpaka yabaki ya kujaza mkebe mmoja. Msichague kitu. Pande jeusi lisagwe na mengine. Msumari usiosagika mpe Kepher aupime kando na kuuandika.

Na kuna jambo nimelitafuta kwa barua yako nisilione: yale mapande na maganda ya rangi waliyoyatoa, waliyatupa wapi? Ninavyowajua akina mama wa vikundi, ni pale pale ukingoni mwa mboga. Muulize leo, kabla chai haijapoa. Na binti yako ampondee mtoto mboga za kwingine mpaka mashine iseme.